Darasa la sayansi mikokoni: namna ninavyoipanga ziara hapa Tanga

Mwaka wangu wa pili kazini niliwapeleka Kidato cha Pili ufukweni siku ya Jumatano, kwa sababu Jumatano ndiyo iliyokuwa na vipindi viwili vya Baiolojia vinavyofuatana. Tulifika saa nne asubuhi. Maji yalikuwa yamefunika mizizi yote ya mikoko ya mbele. Watoto 46 wakasimama mchangani wakitazama bahari waliyozaliwa wakaikuta, nami sina cha kuwaonyesha. Mzee mmoja aliyekaa kivulini akitengeneza jarife lake aliniuliza, "Mwalimu, leo mwezi ngapi?" Nikamtajia tarehe ya kalenda ya ukutani. Akasema, "Nakuuliza mwezi wa mbinguni. Leo mwezi saba, mwanangu. Haya ni maji mafu, na saa hizi yanajaa. Ungekuja wiki ijayo."

Nilirudi wiki iliyofuata. Tangu siku ile sijapanga ziara ya pwani kwa ratiba ya shule. Naipanga kwa mwezi, kisha nakwenda kumwomba mwalimu wa taaluma abadilishe vipindi. Mwalimu mwenzangu, ukilichukua hili moja tu katika yote nitakayoandika, ziara yako imeshafaulu nusu.

Tarehe

Watoto wa wavuvi wanayajua haya, sisi walimu tuliotoka bara hatuyajui. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja, na tunapata bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, mivuto yao hupingana, na hayo ndiyo maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana. Bamvua la Tanga laweza kuyashusha maji zaidi ya mita 3 kutoka yalipojaa, na hapo ndipo sakafu ya mikoko inapoonekana yote.

Bahati yetu ni kwamba hapa kwetu bamvua hupwa mchana wa shule. Karibu na mwezi 14, yaani siku ya kumi na nne tangu mwezi kuandama, maji huwa yametoka kabisa mnamo saa nne asubuhi, na kila siku inayofuata huchelewa dakika 50 hivi. Kwa hiyo mwezi 14, 15 na 16 ni siku nzuri, na vivyo hivyo siku mbili tatu za mwezi kuandama. Kama huifuati kalenda ya Kiislamu, muulize mwanafunzi yeyote anayeifuata, au tafuta jedwali la maji kujaa na kupwa linalotumiwa bandarini. Mimi hutumia vyote viwili, kisha namuuliza mvuvi.

Fika saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, na uondoke ndani ya saa moja baada ya hapo. Mabaharia wana kanuni inayoeleza sababu, nami huiweka ubaoni siku ya kuamkia ziara kwa kuwa ni hesabu nzuri ya sehemu. Ugawe mwendo wote wa maji mafungu 12. Saa ya kwanza maji hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama kimo cha bamvua ni mita 3, saa ya kwanza yatapanda sentimita 25 tu, lakini saa ya tatu yatapanda sentimita 75, na hicho ni kiuno cha mtoto wa darasa la tano. Mwanafunzi aliyeipiga hesabu hii mwenyewe hahitaji kukimbizwa atoke majini.

Epuka Ramadhani. Jua la tope la pwani halina huruma kwa mtoto aliyefunga. Ijumaa nayo iache, maana maji yakipwa saa tano utawachelewesha watoto wa Kiislamu swalani.

Swali moja

Zamani nilikuwa natengeneza karatasi yenye maswali ishirini. Wanafunzi walijaza karatasi, hawakutazama kitu. Siku hizi naenda na swali moja ambalo halijibiki darasani, na ninaliweka ukutani wiki nzima kabla ya safari. Nililolitumia mara nyingi kuliko yote ni hili: kwa nini miti ya mbele siyo ile ya nyuma?

Swali hili ni zuri kwa sababu jibu lake laonekana kwa macho, na wanafunzi tayari wanazo nusu za jibu majumbani kwao. Mlilana husimama mbele, karibu na maji marefu, na mafundi wa vyombo huutafuta kwa mbao za dau. Nyuma yake mkoko wenyewe, mwenye mizizi iliyoinama kama miguu ya buibui, ndiye boriti za nyumba za babu zao. Mkandaa, ambao maganda yake yalitumika kutia rangi na kulainisha ngozi, hukaa nyuma zaidi. Mchu unavumilia chumvi kuliko wenzake na utaukuta hata pale nyuma kabisa, penye uwanda mkavu wenye chumvi nyeupe juu ya udongo. Ukiwatuma wakawaulize wazee majina na kazi za miti hii kabla ya ziara, wanakuja mikokoni wana kitu mkononi. Mara moja binti mmoja aliniletea majina mawili ya mti mmoja, la bibi yake wa Mwambani na la babu yake wa Pangani, na kipindi kizima kikaenda kwenye swali la kwa nini wanasayansi wakaamua kutumia Kilatini.

Hapa niseme jambo linalonigusa sana. Sekondari zetu hufundisha sayansi kwa Kiingereza, na darasani nina watoto ambao hawafungui kinywa mwaka mzima. Mikokoni nawaachia Kiswahili chote. Waulize, wabishane, waandike kwa Kiswahili palepale. Maneno ya mtihani tunayaweka siku ya pili, juu ya vitu walivyokwisha kuvishika. Kijana aliyenyamaza tangu Januari ndiye aliyenieleza mbele ya wenzake kwa nini mizizi ya mchu inasimama juu ya tope kama penseli: "Inatafuta pumzi, mwalimu, chini hakuna hewa." Lile neno refu la kitabuni alilijifunza kesho yake kwa dakika moja.

Ruhusa

Hii nitaipita haraka, lakini usiiruke. Barua ya mkuu wa shule, taarifa kwa afisa elimu, na idhini ya kila mzazi kwa maandishi. Barua ya mzazi iseme mnakwenda wapi, mnatoka na kurudi saa ngapi, mtoto avae nini, na nani wa kupigiwa simu. Nenda mwenyewe siku chache kabla kwenye ofisi ya mtaa au kijiji chenye ufuo ule, na kwa kikundi cha wavuvi wanaolinda pwani yao. Mikoko ni msitu wa hifadhi, haikatwi wala kung'olewa bila kibali, na sehemu kubwa ya pwani yetu, kuanzia Pangani hadi kaskazini ya jiji, imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa mwaka 2009. Ukienda kwa heshima watakupa na mtu wa kuwaongoza. Mwombe awe mama anayeokota chaza au mzee wa madema. Hao wanajua tope lipi linabeba na lipi linameza mguu. Na mlipe kitu kwa muda wake, kama mnavyomlipa dereva.

Vifaa, karibu vyote vya bure

Kwa darasa la watu 60 naunda vikundi kumi vya watu sita. Kila kikundi kina kamba ya katani ya mita 20 yenye fundo kila baada ya mita 5. Sisi watu wa mkoa wa mkonge hatuna sababu ya kukosa kamba. Kina fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50 iliyofungwa kwa fito nne. Kina penseli, siyo kalamu ya wino, maana wino ukilowa umepoteza kazi ya asubuhi nzima. Daftari linakaa kwenye ndoo ndogo yenye kifuniko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, na hata isingepigwa nisingeipeleka baharini. Chupa moja ya lita moja ya kuchotea maji. Kipimajoto kama maabara inacho.

Miguuni, raba kuukuu zenye kamba. Ndala hubaki topeni, na mtoto akienda peku atachanjwa na chaza walioganda kwenye mizizi. Mwalimu abebe maji ya kunywa ya kutosha, sabuni, bandeji na spiriti. Wahesabu watoto wakati wa kushuka garini, wakati wa kuingia mikokoni, wakati wa kutoka, na wakati wa kupanda tena.

Kila mwanafunzi awe na kazi yenye jina: wawili washike kamba, mmoja aweke fremu, mmoja ahesabu, mmoja aandike, na wa sita awe mlinzi wa maji. Huyu wa mwisho anachomeka fito yenye alama za sentimita kumi kumi ukingoni mwa maji na kuisoma kila dakika kumi na tano. Mpe kazi hii mtoto mtundu kuliko wote. Hajawahi mmoja kuniangusha.

Mkiwa topeni

Nyosheni kamba kutoka ukingo wa maji kuelekea nchi kavu. Kwenye kila fundo, weka fremu, andika ni mti gani ulio karibu zaidi, tope ni laini au gumu, na hesabu tondo, wale konokono wa mikokoni, na matundu ya kaa yaliyo ndani ya fremu. Fremu yetu ni robo ya mita ya mraba, kwa hiyo tondo 6 ni 24 kwa mita moja ya mraba. Kamba ikiisha, ihamisheni mbele. Basi, hiyo ndiyo kazi yote, na inatosha.

Wakiwa wanahesabu, mimi napita kikundi hadi kikundi na kuonyesha vitu vitatu tu.

Cha kwanza ni jani la mchu. Asubuhi kavu utaona punje za chumvi juu yake. Mti huu hunywa maji ya chumvi kisha huitoa chumvi kupitia majani. Waguse kwa ncha ya ulimi. Kisha waguse jani la mkoko, ambalo halina chumvi ya kuonekana, kwa kuwa mkoko huizuia sehemu kubwa ya chumvi mlangoni, kwenye mizizi. Miti miwili, shida moja, njia mbili.

Cha pili ni harufu. Chimba tope kwa kijiti kina cha kiganja. Juu ni kahawia, chini ni jeusi na linanuka yai viza. Wanafunzi huziba pua na kusema pachafu. Waambie ukweli: kule chini hakuna oksijeni, na bakteria waliopo hupumua kwa kutumia salfeti ya maji ya bahari badala yake, ndipo inatoka ile gesi ya salfa. Sasa mizizi ya penseli ya mchu ina maana.

Cha tatu ni mbegu ya mkoko, ile ndefu ya kijani inayoning'inia kama sigara kubwa. Mbegu nyingi huanguka ndipo ziote. Hii huota ikiwa bado mwilini mwa mama yake, halafu huanguka ikiwa mche tayari. Okoteni zilizokwisha kuanguka, chache, kwa ruhusa ya mwenyeji wenu. Za mtini msiguse. Makombe matupu nayo yaacheni palepale, kwa sababu wapo kaa wadogo wasio na gamba lao wenyewe na wanayategemea kwa makazi.

Mlinzi wa maji akipaza sauti kwamba alama ya kwanza imefunikwa, kazi imekwisha, hata kama kikundi kimoja kimebakiza fundo moja.

Siku zinazofuata, darasani

Ziara isiyorudi darasani ni matembezi. Mimi hutenga wiki mbili za vipindi kwa ajili ya kilichotoka mikokoni, na hapa ndipo ninapowasihi wenzangu wasifanye haraka.

Anza na chupa za maji. Chukua mililita 250 za maji ya bahari, yachemshe kwenye sufuria mpaka yakauke, ukipunguza moto mwishoni yasirukeruke, kisha pima kilichobaki. Maji ya bahari yana chumvi gramu 35 hivi kwa lita, kwa hiyo tarajieni karibu gramu 9. Fanyeni vivyo hivyo na maji ya kisima cha shule. Mwaka mmoja tulipoyakausha maji ya kisima cha jirani yakaacha ukungu mnene mweupe, na wanafunzi wenyewe wakaanza kuuliza bahari imefika wapi chini ya ardhi.

Halafu ile miche. Weka minne kwenye chupa za maji ya mvua na minne kwenye maji ya bahari, chupa zilizokatwa shingo, dirishani. Kabla hujaanza, kila mwanafunzi aandike utabiri wake. Karibu wote huandika kwamba ya maji matamu itakufa, kwa kuwa "mkoko unapenda chumvi". Itaota yote. Mkoko haupendi chumvi, unaivumilia, na kwa uvumilivu huo unapata mahali ambapo miti mingine haiwezi kuupokonya nafasi. Pimeni urefu na idadi ya majani kila Jumatatu. Ni mimea ya polepole, muhula mzima utapita. Mwisho wake, kwa makubaliano na wenyeji, irudisheni ufukweni siku ya bamvua na kuipanda.

Hesabu za tondo zichoreni grafu moja kubwa juu ya gunia la unga lililochanwa, mlalo umbali kutoka majini, wima idadi kwa mita ya mraba. Kila kikundi na rangi yake. Vikundi havitalingana, na huo ndio wakati wa kuzungumza kwa nini mwanasayansi hahesabu fremu moja akaondoka.

Kwa wenzangu wa Kemia kuna jambo linalounganisha pwani yote hii. Nunua chokaa iliyozimwa duka la vifaa vya ujenzi. Kijiko kimoja kwa lita moja ya maji, tikisa, acha usiku kucha, asubuhi mimina yale maangavu ya juu. Yazimue kwa kiasi sawa cha maji. Mwanafunzi apulize humo taratibu kwa mrija wake mwenyewe, asivute, maana chokaa huunguza, na macho yakingwe. Maji yatageuka maziwa. Hapo vitabu vingi huishia. Usiishie hapo! Endeleeni kupuliza kwa kupokezana, kila mtu na mrija wake, dakika nyingi, mpaka yarudi kuwa maangavu. Sasa yachemshe: maziwa yanarudi.

Wameshaona mapango ya Amboni yakijengwa. Mvua huchukua hewa ya ukaa angani na udongoni, ikapenya kwenye jiwe la chokaa na kuliyeyusha, kama pumzi yetu ilivyoyang'arisha yale maziwa. Tone likifika kwenye dari ya pango, ile hewa inatoka, na chokaa inabaki juu ya jiwe, tone baada ya tone. Na wakati wa kujenga kuta za msikiti wa kale na makaburi ya Tongoni, magofu yaliyo kusini ya jiji, mafundi waliyachoma mawe ya matumbawe kupata chokaa ileile. Ukiwa na siki au ndimu, dondosha juu ya kipande cha tumbawe lililokufa uone povu. Bikari moja inaeleza pango, gofu na mwamba wa bahari.

Ukipata nauli ya kwenda mbali

Amboni ni kilomita 8 hivi kaskazini ya jiji, na baada ya jaribio lile la chokaa, si kabla, ndipo inapofaa. Kati ya mapango kumi, linalotembelewa na wageni ni moja, kwa hiyo usiingize watoto 60 kwa mkupuo. Ishirini wakiwa ndani, wengine wabaki mtoni Mkulumuzi na kazi ya kufanya. Kila wawili na tochi moja. Waonye mapema kuhusu popo, na wasiguse miamba inayoning'inia, mafuta ya mkono huiharibu. Ndani kuna mahali pa tambiko panapotumika hadi leo. Wafundishe wanafunzi kupita kimya, kama wanavyopita mbele ya msikiti au kanisa wakati wa ibada.

Amani, juu ya Muheza, ni safari ya siku nzima. Bustani ya mimea ya pale ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na msitu wake wa Usambara Mashariki una viumbe wasiopatikana kwingine. Swali langu la Amani ni la kipimajoto: someni joto shuleni asubuhi, someni kila baada ya kijiji njiani, someni juu. Kwa kila mita 1000 za kupanda, joto hushuka nyuzi 6.5 hivi. Wanafunzi wakabadili nyuzi kuwa mita na kukisia wamefika kimo gani kabla ya kumwuliza mhifadhi.

Mkisharudi kutoka mikokoni, jioni ileile suuzeni kila kitu kwa maji ya bomba. Futi ya chuma yenye chumvi inashika kutu ndani ya siku mbili, na kamba ya katani isipoanikwa inaoza. Nakala ya grafu ya tondo mpelekeeni yule mama au mzee aliyewaongoza, watoto wenyewe waende nayo. Mwaka jana tuliyempelekea aliitazama kwa muda mrefu, akaweka kidole kwenye fundo la nne na kutuambia kwamba pale tondo ni wachache kwa sababu watu wanawaokota kwa ajili ya chambo. Hilo ndilo swali la ziara ya mwaka huu. Tunakwenda mwezi 15.